Kitabu Kimoja, Februari Nzima: Namna Tunavyosoma Historia ya Watu Weusi kwa Sauti

Huko Marekani Februari ni Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, nasi nyumbani huuadhimisha. Mwaka wa kwanza nilifanya kama wanavyofanya wengi. Nilikata karatasi vipande 28, kila kipande nikaandika jina la Mmarekani Mweusi mmoja mashuhuri na mistari mitatu ya maisha yake, nikavibandika ukutani sebuleni, siku moja jina moja. Tukaenda hivyo mpaka Februari ikaisha. Usiku wa mwisho nilimsomea mama mkubwa kile kipande cha 28. Mama mkubwa Kiingereza hakijui, na macho yake siku hizi hayapambanui tena maandishi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hawa wote umetuambia walizaliwa lini na walikufa lini. Wao wenyewe walisema nini?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilizibandua zile karatasi. Tangu hapo kila Februari nyumbani kwetu tunasoma kitabu kimoja kilichoandikwa na mtu mweusi mwenyewe, kwa sauti, mimi nikitafsiri papo hapo. Kazi yangu ni kufasiri barua na vyeti vya watu, kwa hiyo hilo kwangu si zito, ingawa halikuwa jepesi kama nilivyodhani. Wasikilizaji ni mama mkubwa, shemeji yangu, jirani mmoja na binti yangu ambaye sasa ana miaka 13. Nitaeleza tunavyofanya, na mahali tulipokosea, ili anayetaka kuanza asipitie njia ile ile ndefu.

Mwezi huu ulianzia kwenye kusomeana

Aliyeuanzisha ni Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyezaliwa Virginia mwaka 1875 na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Februari 1926 alianzisha Juma la Historia ya Weusi. Aliiteua Februari kwa sababu Wamarekani Weusi walikuwa tayari wana mazoea ya kuadhimisha siku mbili ndani yake: tarehe 12, siku aliyozaliwa Abraham Lincoln, na tarehe 14, siku ambayo Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mwandishi na mpinga utumwa, alijichagulia kuwa ya kuzaliwa kwake, kwa kuwa ile ya kweli hakuijua. Juma likawa mwezi mwaka 1976. Uingereza wao wana Oktoba, tangu 1987.

Hizo ni tarehe. Kilichonikamata mimi ni kisa cha ujana wake. Kabla hajaingia sekondari, Woodson alichimba makaa ya mawe West Virginia. Huko alikuwako mchimbaji mwenzake mweusi, Oliver Jones, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambaye hakujua kusoma. Jones alikuwa ameifanya nyumba yake kuwa baraza ya wachimbaji jioni, na alinunua magazeti na vitabu ambavyo mwenyewe hawezi kuvisoma, vikiwemo vya watu weusi waliosimulia habari za askari weusi. Alipojua kwamba huyu kijana anasoma, wakapatana: kijana awasomee watu kwa sauti, naye apewe bure matunda na vitamu vilivyouzwa pale. Woodson akasoma. Wachimbaji wakamkatiza, wakabisha, wakaongeza waliyoyaona vitani kwa macho yao. Baadaye, mwaka 1912, alipata udaktari wa falsafa Harvard, mtu mweusi wa pili kuupata hapo baada ya W. E. B. Du Bois. Lakini shule yake ya kwanza ya historia ilikuwa ile baraza, na aliyeigharimia hakujua hata herufi.

Niliposoma kisa hicho nilimwona mama mkubwa pale kwenye kiti chake, na nikajua tutafanya nini.

Kuchagua kitabu

Kimoja tu, nasisitiza. Mkikutana mara mbili kwa wiki, Februari inawapa vikao vinane. Saa moja ya kusoma na kutafsiri kwa kituo haiwavushi zaidi ya kurasa 15 au 20. Piga hesabu mwenyewe. Anayetaka vitabu vitano ndani ya mwezi anataka orodha, na orodha ndiyo ile niliyoibandua ukutani.

Kwa mwaka wa kwanza chukueni simulizi ya maisha ya Frederick Douglass, ile ya mwaka 1845. Aliandika tawasifu tatu, na hii ndiyo ya kwanza na fupi kuliko zote: sura 11, na chapa yake ya kwanza ilikuwa na kurasa 125 tu. Inapatikana bure kwenye intaneti, Project Gutenberg wanayo, maana haki zake zilikwisha muda zamani. Kiingereza chake kimenyooka. Tena inaanza mahali ambapo kila mtu chumbani anaelewa: mtoto asiyejua ana miaka mingapi. Mama yake alikuwa amepelekwa shamba la mbali. Ili amwone mwanawe alitembea maili 12 usiku kwa miguu baada ya kazi ya mchana kutwa, akalala naye, na kabla mtoto hajaamka yeye alikuwa ameshaondoka ili awahi jua likichomoza. Douglass anasema alimwona mara nne au tano tu maishani. Kikao chetu cha kwanza kilikomea hapo, kwa sababu jirani yetu alisema basi kwa leo.

Sababu kubwa ya kuanza na Douglass ni sura ya sita na ya saba, ambamo anapata kusoma. Mke wa nyumba aliyopelekwa Baltimore alianza kumfundisha herufi, mumewe akapiga marufuku. Mtoto akaelewa papo hapo kwamba kinachokatazwa kwa ukali ule kina nguvu. Akawa anatoka na mkate mfukoni, maana ndani ya nyumba ile mkate haukukosekana, anawapa watoto wa kizungu wa mtaani waliokuwa na njaa, nao wanamlipa kwa kumfundisha neno moja moja. Kuandika alikupata gudini. Maseremala wa meli walikuwa wakimaliza kuchonga kipande cha ubao wanakitia herufi: moja ya upande wa kushoto wa meli, nyingine ya upande wa kulia, mbili pamoja zikionyesha kushoto mbele au kulia nyuma. Akazikariri. Kisha akawa anamwendea mtoto yeyote anayejua kuandika, anamwambia mimi najua kuandika kama wewe, mtoto anabisha, yeye anachora zile herufi zake nne na kusema nishinde kama unaweza. Kila aliyemshinda alimwachia herufi mpya. Daftari lake, anasema, lilikuwa uzio wa mbao, ukuta wa matofali na sakafu ya njia, na kalamu yake bonge la chaki.

Someni sura hiyo pole pole. Shemeji, ambaye ni fundi seremala, aliniomba nirudie ile sehemu ya mbao mara mbili, kisha akatueleza kwamba na wao huandika herufi kwenye viungo kabla ya kuviunganisha. Tulikaa juu ya aya ile moja nusu saa nzima, na hatukupoteza kitu.

Sasa kosa langu. Mwaka uliofuata nilichagua Beloved ya Toni Morrison, riwaya ya mwaka 1987, kwa kuwa mimi mwenyewe naipenda kuliko karibu riwaya zote nilizosoma. Nilidhani kupenda kwangu kutatosha. Riwaya ile inakutupa ndani ya nyumba yenye kizuka bila kukueleza chochote, na wakati ndani yake unakwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya sentensi moja. Kufikia kikao cha tatu jirani alikuwa bado anauliza nani kafa na nani yu hai. Tuliiacha. Tuliirudia miaka mitatu baadaye, tukiwa tumeshasoma ushuhuda wa mwanamke aliyepitia utumwa mwenyewe, na safari hii kabla ya kufungua kitabu niliwasimulia habari za Margaret Garner. Januari 1856 mama huyu alitoroka Kentucky na familia yake, wakavuka mto Ohio ukiwa umeganda, na walipozingirwa alimuua binti yake mdogo ili asirudishwe utumwani. Kisa hicho ndicho kilichompa Morrison mbegu ya riwaya. Safari hii walielewa, na mama mkubwa alilia. Kwa hiyo ushuhuda uje kwanza, riwaya zilizochipuka humo zifuate.

Zile kurasa za mwanzo, msiziruke

Watu hufungua kitabu wakakimbilia sura ya kwanza. Katika vitabu vya zamani vya watu weusi, nusu ya historia imelala kwenye kurasa zile mnazozipita.

Chukua diwani ya Phillis Wheatley, iliyochapwa London mwaka 1773. Huyu aliletwa Boston mwaka 1761 katika merikebu ya watumwa, binti wa kama miaka saba au minane, ndio kwanza meno ya mbele yanang'oka. Merikebu iliitwa Phillis, na mtoto akapewa jina la merikebu iliyomleta. Alipokuwa na miaka kama 20 alikuwa na mashairi ya kutosha kitabu. Mwanzoni mwa kitabu hicho kuna tamko lililotiwa majina ya wakubwa 18 wa Boston, gavana akiwa wa kwanza, wanaothibitisha mbele ya umma kwamba kweli mashairi haya yameandikwa na binti huyu. Niliwasomea majina yote 18, moja baada ya jingine. Inachukua dakika moja hivi, na ndani ya dakika hiyo chumba kinabadilika. Binti yangu aliuliza, "Na hao 18 wao waliandika mashairi gani?"

Kwa Douglass mtakuta dibaji ya mwanaharakati mzungu na barua ya mwingine, kama watu wawili wanaomshika mkono mlangoni. Lakini angalieni ukurasa wa jina la kitabu: chini ya jina imeandikwa kwamba kimeandikwa na yeye mwenyewe. Maneno hayo hayakuwekwa kama pambo. Wakati anayachapisha, kwa sheria alikuwa bado mali ya mtu, na kitabu kilitaja majina na mahali. Ilibidi avuke kwenda Ireland na Uingereza, na ni marafiki wa huko waliochanga fedha za kununua uhuru wake mwaka 1846. Ndiyo maana pia katika kitabu hiki hasemi alitoroka vipi. Wasikilizaji wataulizia, nanyi muwe na jibu: alificha ili asizibe njia kwa wengine, na aliifichua yote katika tawasifu yake ya mwaka 1881.

Kutafsiri papo hapo

Kama wote mnasoma Kiingereza, someni tu kwa zamu na msonge mbele. Haya ni kwa wenzangu walio na mama mkubwa chumbani.

Sehemu ya kusoma naisoma jana yake nikiwa na penseli. Nikianza kikao, aya ya kwanza naisoma kwa Kiingereza ili sikio lipate mwendo wa mwandishi, kisha naingia Kiswahili sentensi kwa sentensi. Sifupishi. Anayefupisha anarudi kwenye kusimulia habari za watu, na sisi tunataka maneno yao.

Maneno mengine yana mitego. Msimamizi wa shambani mwenye kiboko nilimwita "nyapara", na hakuna aliyeuliza nyapara ni nani. Lakini "bwana" lilinishinda. Kwa Douglass linapita. Tulipofika kwa Harriet Jacobs, aliyechapisha simulizi ya maisha yake ya utumwani mwaka 1861, nilisema "bwana wake akamfuata" na mama mkubwa akaniuliza kwa nini anamkimbia mumewe. Alikuwa na haki. Kwa Kiswahili chetu bwana wa mwanamke ni mume wake, na kitabu chote cha Jacobs ni habari ya msichana anayeandamwa na mwanamume ambaye si mume wake na hatakuwa. Zaidi ya hapo, kwa karatasi aliyemrithi Jacobs alikuwa binti mdogo wa mwanamume huyo, mtoto wa miaka mitano kwa maelezo ya kitabu. Tulijadiliana na kuamua kumwita "yule daktari", maana ndivyo alivyokuwa, na neno "bwana" tukalifuta kwenye kitabu kizima. Jadilianeni maneno yenu kabla, si katikati ya ukurasa.

Lipo na lile tusi la Kiingereza la kumwita mtu mweusi, ambalo limejaa kwenye vitabu hivi. Sisi tuliafikiana nilitamke mara ya kwanza linapotokea, ili watu wajue mwandishi aliandika nini, na baada ya hapo naweka kituo kifupi tu. Nyumba nyingine zitaamua vingine. Muhimu ni kuamua kabla mtoto hajaketi, na kumweleza kwa nini.

Pimeni kwa kamba

Hili tulilibuni wenyewe kwa kitabu cha Jacobs, na ningependa kila mtu alifanye.

Ili kumkwepa yule daktari, Jacobs alijificha juu ya kibanda kilichounganishwa na nyumba ya bibi yake, mjini Edenton, North Carolina, kwenye nafasi iliyokuwa kati ya dari na paa. Anatoa vipimo: urefu futi 9, upana futi 7, na kimo futi 3 pale palipoinuka zaidi, kisha paa linateremka hadi kwenye mbao. Hakuna mwanga, hakuna hewa. Ukisoma hivyo kwa haraka unasikia tarakimu. Sisi tulichukua kamba na utepe wa kupimia, tukapima sakafuni mita 2.7 kwa 2.1, na kwa kimo tukatumia meza ya kulia, ambayo ina sentimita 76, tukaiinua kwa vitabu chini ya miguu yake mpaka 90. Binti yangu akaingia chini. Akajaribu kukaa wima, kichwa kikagusa. Akajaribu kugeuka upande akiwa amelala. Nikamsomea akiwa humo humo ile sehemu ambapo Jacobs anakuta kekee gizani, anatoboa mbao safu tatu za matundu madogo, kisha anayaunganisha mpaka apate tundu la kama inchi moja kwa inchi moja. Kwa tundu hilo aliwaona watoto wake wakipita njiani. Walikuwa wakiishi nyumba ile ile kwa bibi, wakicheza chini yake, bila kujua mama yao yuko wapi.

Alikaa humo karibu miaka saba. Mwaka 1842 akatoroka kwa meli kwenda kaskazini. Binti yangu alitoka chini ya meza baada ya dakika 11, tulizihesabu, na hakusema neno mpaka sura ikaisha.

Kitabu hicho alikichapisha kwa jina la kubuni, Linda Brent, na kwa zaidi ya miaka mia moja wengi waliamini ni hadithi iliyotungwa na mwanamke mzungu aliyekihariri. Ni katika miaka ya 1980 mtafiti Jean Fagan Yellin alipothibitisha kwa barua na kumbukumbu kwamba aliyeandika ni Jacobs na aliyoyasema yalitokea. Habari hii nilingoja kuwaambia hadi kikao cha mwisho. Nadhani nilifanya vizuri.

Kwa sikio la Kiswahili

Kuna kitabu kimoja ambacho sisi wasemaji wa Kiswahili tunakisikia kwa namna ya pekee: Barracoon cha Zora Neale Hurston, mwandishi Mmarekani Mweusi. Mwaka 1927 Hurston alianza kwenda kumsikiliza mzee Cudjo Lewis, karibu na Mobile, Alabama. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kossola. Alitekwa Afrika Magharibi akiwa kijana wa miaka kama 19, akavushwa mwaka 1860 katika Clotilda, merikebu iliyoleta mateka wake kwa siri zaidi ya nusu karne baada ya Marekani kupiga marufuku uingizaji wa watumwa. Uhuru ulipokuja, yeye na wenzake walitaka kurudi kwao, nauli hawana, wakanunua ardhi na kuanzisha kijiji chao, Africatown.

Hurston aliandika maneno ya mzee kama yalivyotoka kinywani. Mchapishaji mmoja alitaka yageuzwe Kiingereza cha kawaida, yeye akakataa, na kitabu kikalala hadi mwaka 2018, miaka 58 baada ya mwandishi kufariki. Wasomaji wengi wa Kiingereza hulalamika kwamba matamshi yale yanachosha. Mimi nilipoanza kuyasoma kwa sauti shemeji alicheka kwa furaha. Mzee anasema "callee" mahali pa "call", anasema "lookee", maneno kadhaa yanayokomea kwenye konsonanti anayawekea irabu mwishoni. Ndivyo tulivyopata benki na koti na shati. Kwa hiyo kitabu hiki msikitafsiri chote moja kwa moja. Acheni kila mara mistari kadhaa ya Kossola kwa Kiingereza chake, msome polepole, mkisikilize kinywa cha mtu aliyejifunza lugha ya waliomnunua bila kuisahau ya mama yake.

Zingatieni pia namna Hurston anavyongoja. Anakuja na pichi, wanakula pamoja, mzee siku hiyo hataki kusema, yeye anaondoka. Siku nyingine anakuta mzee anashughulika na bustani, anarudi kesho. Alipomwita kwa jina lake la kwao machozi yalimtoka. Na siku ya kupigwa picha mzee aliingia ndani akavaa suti yake bora, kisha akatoka miguu mitupu: alitaka aonekane kama yuko Afrika.

Mama mkubwa aliniomba nimweleze picha ile. Ipo, nilimweleza kadiri nilivyoweza, mikono, kofia, miguu.

Watoto na vijana

Binti yangu alipofika miaka 12 tulimpa achague yeye, na akachagua Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, ya mwaka 1976. Hadithi inatokea Mississippi mwaka 1933. Siku ya kwanza ya shule watoto weusi wanapewa vitabu vichakavu vya kusomea. Mdogo wa mwenye kusimulia, mtoto wa miaka sita anayependa usafi, anafungua jalada na kukuta jedwali: kitabu kimetolewa mara 12, na kila safari imeandikwa hali ya kitabu na rangi ya mwanafunzi. Kilipokuwa kipya, mzungu. Kilipokuwa kibovu kabisa, yeye. Anakitupa chini na kukikanyaga kanyaga. Mama yake, ambaye ni mwalimu shuleni hapo, anachukua gundi na karatasi na kubandika juu ya majedwali yale, kitabu kimoja baada ya kingine. Kwa vijana hiki ni bora kuliko hotuba yoyote kuhusu ubaguzi.

Furaha nayo isomwe

Baada ya miaka miwili ya minyororo jirani yetu alisema kwa upole kwamba anaanza kuogopa Februari. Alisema kweli. Watu hawa walipenda pia, walicheza, walitaniana, na waliandika hayo. Sasa kila kikao kinafunguliwa na shairi moja fupi: Langston Hughes, ambaye diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1926, au Gwendolyn Brooks, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950. Mashairi ya Hughes yana mwendo wa muziki, na hata asiyejua Kiingereza hutikisa kichwa. Riwaya ya Hurston ya mwaka 1937, Their Eyes Were Watching God, ni ya mwanamke anayetafuta mapenzi ya kweli mpaka anayapata. Hiyo ndiyo zamu yetu mwaka ujao.

Vitabu mtavipata. Vya karne ya 18 na 19 viko bure kwenye intaneti. Vya karibuni ulizeni maktaba, na vya waandishi walio hai nunueni mkiweza, angalau kimoja kwa mwaka, maana mwandishi naye anakula. Na mkipata kimoja kitunzeni. Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, husimuliwa kwamba utotoni mwalimu alimwambia watu weusi hawana historia. Akatumia maisha yake kukusanya vitabu, barua na picha, na mwaka 1926 maktaba ya umma ya New York iliununua mkusanyo wake, zaidi ya vitabu 5,000, kwa dola 10,000. Leo kituo chenye jina lake kipo Harlem, na watafiti wa dunia nzima huingia humo.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Februari ni fupi na watu hupatwa na dharura. Mwaka jana iliisha tukiwa na sura tatu mkononi. Shemeji aliuliza kama tufunge. Mama mkubwa alikuwa ameshavuta kiti chake karibu, akasema, "Kwani wao hao waliacha kuishi tarehe ishirini na nane? Soma." Tulimaliza tarehe 19 Machi.